Kohoa Kabla Hujaingia

Siku ile mtu aliingia bila kukohoa.

Nilikuwa nimekaa sakafuni sebuleni, miguu nimeinyoosha kwenye ubaridi wa saruji, napanga soksi za mume wangu mbili mbili. Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo jua lilipita dirishani, likazama ndani ya tangi la samaki, na maji yakalirusha darini likitetemeka. Mama mkwe wangu alikuwa amesinzia kwenye kiti chake, kidevu kifuani. Samaki saba walikuwa wametulia majini, wote wameelekea upande mmoja, kama watu wanaotega sikio kwa jambo linalosemwa mbali. Kisha mlango ukafunguliwa ghafla, na maji yakapasuka.

Walijirusha wote kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa na urefu wa kutoka ncha za vidole vyangu hadi karibu na kiwiko, na walipogonga kioo, chumba kilitoa sauti ya gunia lililoangushwa. Maji yakarukia soksi. Mama akashtuka, akauliza kabla macho hayajafunguka sawasawa, "Nani huyo hana adabu?"

Alikuwa fundi vioo mwenzake mume wangu, mtu mzima; walikuwa wamefanya kazi duka moja miaka tisa. Alikuwa ameingia nyumbani kwetu mara zisizohesabika na hakuwahi kusahau kukohoa. Sasa alisimama mlangoni, vumbi jeupe la kioo limemganda kwenye nyusi, mikono inaning'inia.

"Shemeji," akasema.

Niliyatazama maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye kioo kwa nje, nikajua.

*

Mume wangu kila mtu alimwita Fundi, hata mimi, hata mama yake alipokuwa na furaha naye. Alikata vioo vya madirisha, vya makabati, vya meza. Nyumbani hakuleta vipande vya kazi. Alisema mtu akishinda na kioo kutwa, jioni anataka kuona kitu ambacho hakivunjiki. Kwa hiyo siku aliporudi na mfuko wa plastiki umejaa maji, ndani yake samaki saba wadogo kama kidole gumba, mimi na Mama tulitazamana.

"Hawa ni wa nini?" Mama aliuliza.

"Wa kuangalia, Mama."

"Mimi samaki nimezoea kumwangalia akiwa kwenye sufuria."

Walikuwa weupe wa kung'aa, mapezi yao yana wekundu hafifu, kama mtu amewashika na vidole vyenye rangi. Muuzaji wao, mzee mmoja tuliyemwita Mzee wa Mapovu kwa sababu dukani kwake kulichemka mapovu kila pembe, alikuwa amemwonya: hawa watakua, na wakishakua watataka nafasi, na usichukue chini ya sita. Fundi aliyasikia yote matatu na akayaamini yote matatu. Watu wengine husikia la kwanza tu.

Walikua kweli. Mwaka wa kwanza walilijaza tangi dogo. Wa pili, Fundi akaunda lingine kwa vioo vizito vya milimita kumi na mbili, la kukaa kwenye ukuta mzima wa sebule. Aliliunganisha palepale ndani, maana mlangoni lisingepita. Alifanya kazi hiyo siku nne, amepiga magoti, anapaka gundi ya vioo taratibu kama anayemlisha mgonjwa. Lilipokwisha, niliona upande wa kulia, kati ya tangi na ukuta, pamebaki mwanya wa upana wa kidole.

"Fundi gani huyu," nilimtania, "umekosea kipimo nyumbani kwako mwenyewe?"

"Mwanya huo una kazi," alisema.

Kesho yake nikaiona. Aliwahamisha samaki wawili kwanza, kujaribu maji. Wale wawili walipojikuta katika bahari ile walijibana kwenye pembe, rangi ikawatoka, wakawa kama karatasi. Fundi akaja na kioo cha kujitazamia, amekikata kwa kipimo, akakiteremsha kwenye mwanya, uso wake ukielekea majini. Haikupita nusu saa wale wawili wakatoka pembeni. Walikwenda hadi ubavuni mwa kile kioo, wakawakuta wengine wawili, na wote wanne wakaanza kuogelea sambamba, polepole, pezi kwa pezi.

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe chake cha chai. "Unawadanganya viumbe wa watu," akasema.

"Siwadanganyi, Mama. Nawapa cha kusubiria."

Baada ya siku tatu akawaleta wale watano, akakitoa kioo, akakirudisha dukani kwake. Mimi nikakisahau.

Ilikuwa ni yeye aliyetufundisha kukohoa. Samaki wa aina ile, alisema, hofu ya mmoja ni hofu ya wote. Mlango ukifunguliwa ghafla, taa ikiwashwa ghafla, wanajigonga hadi kuumia. Basi tukazoea: ukifika mlangoni unakohoa, unasubiri kidogo, ndipo unaingia. Wageni walizoea pia. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza kwa upole kama tumeshapimwa, maana nyumba nzima ina kifua.

Na alitufundisha kulisha. Kijiko kimoja cha chai, mara moja kwa siku, basi. "Ukimpenda sana samaki unamuua," alisema. "Anachobakiza kinaoza, na yeye ndimo anamopumulia." Niliuliza pia kwa nini wasiwe wawili tu, mke na mume, kama sisi. Alicheka. Alisema wawili hawakai. Mmoja atamfukuza mwenzake mchana kutwa. "Ukali wao uko vilevile. Wakiwa saba unagawanyika, kila mmoja anapata kidogo. Wakiwa wawili, mmoja anaupata wote."

Nilidhani anazungumza kuhusu samaki tu, na nadhani naye alikuwa anazungumza kuhusu samaki tu.

*

"Alikaa chini anywe maji," yule mwenzake alisimulia kila aliyefika msibani. "Akasema amechoka kidogo. Nikageuka kukata kioo, nikageuka tena." Hapo ndipo masimulizi yake yalipoishia kila mara. Nikageuka, nikageuka tena.

Nyumba ilijaa. Viti viliazimwa, viatu vikarundikana barazani, wanawake wakakaa sakafuni wamejiegemeza ukutani, na wote, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama, waliwatazama samaki. Mwanga wa maji ulipita juu ya nyuso zao. Mimi nilikuwa katikati yao na sikuwa hapo. Nilisikia sauti kama mtu aliyezamisha masikio kwenye beseni. Nakumbuka mkono wa mtu mgongoni mwangu, sikumbuki wa nani.

Mama hakulia mbele za watu. Alivuta kiti chake hadi kando ya tangi, akaweka kopo la chakula cha samaki mapajani, na kila mgeni aliyemjia kumpa pole, alimpa kijiko.

"Wape kidogo," alimwambia. "Ni wa mwanangu hawa."

Mgeni akanyunyiza. Samaki wakapanda juu wote saba, midomo ikafunguka, maji yakachemka, na mgeni akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akaja mwingine. Nilimsikia Mama akimwambia dada mmoja, kwa sauti ya chini kabisa, "Ndicho kitu chake pekee ambacho bado kinakula."

Nilijua. Nilikuwa nimefundishwa: kijiko kimoja, mara moja, basi. Ningeweza kuinuka nikalichukua lile kopo. Baadaye niliwaambia watu kwamba nilinyamaza kwa heshima, kwamba mwanamke aliyefiwa na mwanawe wa kiume wa pekee haambiwi acha. Watu walinielewa. Wakasema nimefanya vyema.

Siku ya nne viti vilirudi kwa wenyewe. Siku ya tano maji yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele, na samaki wa kwanza alikuwa juu, ubavu umelala, mapezi yake mekundu yamejikunja. Nilibeba maji kwa ndoo, nikatoa machafu na kutia mapya, nikabadilisha pamba ya mashine ya kuchujia kama nilivyomwona Fundi akifanya. Nilichelewa. Siku ya sita wawili. Siku ya nane wawili tena. Niliwachimbia karibu na uzio, nikiwafunga kwenye magazeti, na kila niliporudi ndani Mama alikuwa kwenye kiti kilekile, kopo limefungwa mapajani.

"Nimewaua," alisema baada ya yule wa tano.

Nikaichukua ndoo, nikaenda kuteka maji.

*

Walibaki wawili. Mkubwa tulimpa jina la Askari, kwa jinsi alivyozunguka. Mdogo alikuwa Mkia Nusu, na jina hilo alilipata wiki ileile. Askari alimfukuza kutoka pembe hadi pembe, akamng'ata mkia, akamsukuma nyuma ya bomba la pampu, na Mkia Nusu alikaa pale amesimama wima, kichwa chini, rangi imemtoka.

Na sisi tulikuwa wawili. Miaka yote nilidhani mimi na Mama tunaelewana. Kumbe tulikuwa na Fundi katikati. Mama akinung'unika kuhusu mimi alimnung'unikia yeye, nami hivyohivyo, na yeye alizipokea lawama zote mbili akaziweka mahali. Sasa hapakuwa na pa kuweka. Tuligombania birika. Tuligombania dirisha, lifunguliwe au lifungwe. Siku moja alisema chumvi imezidi, nikamwambia basi apike mwenyewe; akapika mwenyewe, akala mwenyewe, akaosha sahani moja.

Siku nyingine nilipita sebuleni, nikamkuta anamtazama Mkia Nusu nyuma ya bomba lake.

"Huyu anajua," alisema bila kugeuka. "Amejua kwamba hapa si kwake tena."

Jioni hiyo alimpigia simu binti yake, wifi yangu, aje kumchukua. Jumamosi. Hakuniambia kwa nini, na sababu aliyompa binti yake niliisikia kupitia ukuta: "Siwezi kukaa nyumba niliyoimaliza kwa mikono yangu."

Kesho yake nami nikaenda kwa Mzee wa Mapovu. Nilimuuliza kama anao samaki wengine wa aina ile. Alinionyesha: wadogo kama kidole gumba.

"Ukiwatia hawa mle," alisema, "unawapelekea wale wakubwa kifungua kinywa." Alinitazama. "Yupo mtu ana bwawa, ana kundi la ukubwa huo. Nitakuja na pipa, nikuondolee mzigo. Jumamosi unakuwepo?"

Nilisema ningekuwepo. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njiani niliiona Jumamosi yenyewe: pipa likitoka mlangoni, sanduku la Mama likitoka mlangoni, na mimi nimebaki na maji matupu ya ukuta mzima, sina wa kumkoholea.

*

Ijumaa mwenzake Fundi aliniita dukani nikachukue vitu vyake. Vilikuwa vichache. Koti la kazi, almasi ya kukatia kioo, rula ya chuma, kikombe. Nyuma kabisa, kimefunikwa blanketi kuukuu, kilisimama kioo cha kujitazamia. Mwenzake alikigeuza. Mgongoni kulikuwa na mwandiko wa penseli nene: vipimo viwili, mshale, na chini yake neno moja, JUU. Na pembeni, kwa herufi ndogo: samaki.

"Hiki wateja wamekitaka mara ngapi," alisema mwenzake. "Kila mara anawaambia kina mwenyewe."

Nilikibeba hadi nyumbani kimeegemea bega langu, uso wake nje. Watu niliopishana nao walijiona wakipita. Nilifika mlangoni, nikakohoa, nikasubiri, nikaingia.

Sanduku la Mama lilikuwa limeshafungwa, limesimama kando ya kiti. Alikiona kioo na akakitambua. Nilimwona mdomo wake ukijikunja.

"Nishikie upande huo, Mama."

Nilidhani atakataa. Aliinuka, akashika. Tuliutafuta mshale, tukakigeuza, tukakiteremsha mwanyani, na kilishuka chote bila kukwaruza, hadi chini, kikatulia. Fundi alikuwa amekipima sawasawa.

Tulisimama. Askari alikiona kwanza. Alikwenda kwa vita, mapezi yamesimama, akakutana na Askari mwingine mwenye vita vilevile. Akasita, akazunguka, akarudi. Alikuwa na kazi sasa. Baada ya muda mrefu, jua limeshashuka hadi sakafuni, Mkia Nusu alitoka nyuma ya bomba. Alikaribia kwa upande, kama mtu anayepita barabarani asiyetaka kuitwa. Kule ndani alimkuta mwenzake mwenye nusu ya mkia. Rangi ilimrudia taratibu, wekundu ukipanda kwenye mapezi kama chai inavyoingia kwenye maji.

Wakaogelea. Wawili huku, wawili kule.

Na katika pembe ya juu ya kioo, nyuma yao, palikuwa na wanawake wawili wamesimama karibu karibu, mmoja mzee, nyuso zao zinayumba na maji. Niliwatazama wale kabla sijasema, maana sikuweza kumtazama yeye.

"Mama. Hata mimi niliwapa."

"Uliwapa nini?"

"Chakula. Siku zile za msiba. Kila alfajiri kabla hujaamka. Si kijiko kimoja. Walikuwa wanapanda juu nikisimama tu, wanadhani ni yeye. Nikawa nawapa ili wasiondoke."

Mashine ya kuchujia ilinguruma. Nilisubiri anikasirikie, maana nilikuwa nimemwacha abebe wale watano peke yake wiki tatu nzima, nikamwona akiinama chini ya uzito wao, nikanyamaza. Yule mwanamke mzee wa kwenye kioo alifumba macho, akayafumbua.

"Basi angalau," alisema Mama, "hawakufa na njaa."

Sijui ni nani aliyeanza. Nadhani ni yeye. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kama chafya, kisha bega lake likaanza kutikisika, na mimi nikashika ukingo wa tangi. Tulicheka hadi tukakaa sakafuni, na tulipokuwa sakafuni ndipo kile kicheko kilipogeuka, naye akalia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza, uso wake begani kwangu. Samaki hawakushtuka.

*

Jumamosi wifi yangu alifika akiwa na haraka. Alikuta sanduku limefunguliwa na nguo za Mama zinapigwa jua kambani.

"Mama, si ulisema unaondoka?"

"Nilisema. Sasa nasema mengine. Kwako kuna ngazi."

"Ngazi zenyewe tatu!"

"Ndizo hizo."

Mzee wa Mapovu akaja baadaye na pipa lake. Alikohoa mlangoni vizuri kabisa, akaingia, akaliona tangi, akakiona kioo.

"Huyu mtu," akasema. Kisha akageuza pipa lake, akalibeba likiwa tupu. "Mkitaka wadogo, wakuzeni kwanza kwenye beseni."

Hatukuwahi kuwachukua wadogo. Kila mwaka tulisema tutachukua. Mama alikaa nami miaka sita. Tuliendelea kugombania dirisha, lakini ugomvi ulikuwa na mahali pa kwenda. Akinichoka alikivuta kiti chake kando ya tangi na kumsengenya mke wa mwanawe kwa samaki, kwa sauti ya kutosha mimi kusikia jikoni. Kulisha ilikuwa kazi yake. Kijiko kimoja. Alikuwa na namna yake: nusu aliinyunyiza upande wa kushoto, na nusu upande wa kulia, palepale kwenye kioo.

"Mama, kule hakuna mtu," nilimwambia siku moja.

"Najua," alisema. "Lakini siwezi kuwapa wengine, wengine nisiwape."

Askari alikufa mwaka jana, kwa uzee. Mama naye ametangulia. Mwezi uliopita, katika kiti chake, wakati ule ule wa mchana mwanga unapokuwa darini. Mimi ndiye niliyeingia nikamkuta. Nilikuwa nimekohoa. Nilisubiri anijibu kwa kukohoa kama alivyozoea, nikasubiri tena.

Watu walikuja, viti vikaazimwa. Safari hii kopo nililiweka juu ya kabati.

Sasa nyumba imetulia. Wifi yangu anasema niuze tangi, nami namwambia halipiti mlangoni. Kila asubuhi nakohoa, naingia, na Mkia Nusu anageuka. Anakuja mbio kutoka upande wa kushoto, na kutoka upande wa kulia anakuja yule mwingine, wanakutana ubavuni mwa kioo na kusimama pezi kwa pezi, wananitazama.

Nafungua kopo. Nachota kijiko kimoja, nakisawazisha kwa kidole. Nusu huku. Nusu kule.